Mkasi Bila Duara

Siku niliyoacha kazi ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, na nilikuwa nimeshika chaki ya bluu mkononi.

Nilikuwa ghorofa ya kwanza ya hosteli kuukuu tuliyopewa tuibomoe. Chini yangu vijana walikuwa wanavunja masinki. Simu ikalia.

"Chupa imepasuka," alisema mke wangu. "Niko na mama, tuko njiani kwenda hospitali. Safari hii usije siku ya tatu."

Akakata.

Kama leo ndiyo unaanza kunisoma, maneno hayo ya mwisho ndiyo niliyokuwa nayaeleza hapa wiki mbili zilizopita. Mtoto wetu wa kwanza, binti, alizaliwa nikiwa nabomoa ghala mbali na nyumbani. Nilisema nimalize ukuta mmoja, kisha mmoja tena. Nilipofika ilikuwa siku ya tatu. Binti yetu aliishi mbili. Mke wangu alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyekosea nyumba.

Ndipo nikaahidi. Akija wa pili, nitakaa nyumbani siku kumi na nne, hata dunia iwake moto.

Mtu aliyejiajiri hana ofisi ya kupeleka barua ya likizo. Anaiandika mwenyewe, anaisoma mwenyewe, na mara nyingi anajikatalia mwenyewe. Safari hii nilijikubalia.

Lazima nieleze habari ya chaki, kwa sababu ndiyo iliyoleta yote.

Katika kundi letu chaki hushikwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mimi. Ndiyo maana wananiita Chaki. Kabla ya kubomoa napita mara mbili. Mara ya kwanza, kila ukuta ambao mwenye jengo anataka uondoke nauwekea mistari miwili iliyokatizana, upana wa shubiri moja. Sisi tunaiita mkasi. Mkasi maana yake vunja.

Mara ya pili nagonga kuta, natazama dari, nashuka, napanda. Ukuta uliobeba sakafu ya juu naurudia, ule mkasi nauzungushia duara, hapo hapo kwenye tofali lile lile. Duara maana yake usiguse mpaka tusimamishe nguzo.

Mkasi bila duara, mtu anapiga nyundo wala haulizi. Sheria hiyo niliitunga mimi.

Simu ilipolia, mikasi yote nilikuwa nimeichora. Maduara sikuwa nimeanza hata moja.

Nikampigia mwenye jengo huku nashuka ngazi mbili mbili.

"Siku kumi na nne?" alisema. "Kwani anayezaa ni wewe au mkeo?"

"Mke wangu, bosi."

"Basi mwache azae, wewe vunja. Kazi ikisimama siku moja naleta mtu mwingine."

"Haitasimama. Shemeji yangu anabaki."

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa getini anajimwagia maji kichwani. Tulimwita Mluzi. Kwenye vumbi la kubomoa huoni hata mkono wako, kwa hiyo yeye alikuwa kila akitembea anapiga mluzi, tujue alipo tusimwangushie kitu. Yeye ndiye aliyenipeleka kwao, nikamwona dada yake. Miaka tisa tulikuwa tumevunja pamoja.

"Shemeji, unatetemeka kama wewe ndiye unayeingia leba," alisema.

"Baki na kazi."

"Nenda bwana! Ukichelewa tena, dada ataanza kuniua mimi. Wewe atakuweka wa mwisho, akufaidi vizuri." Akacheka. Kisha akauliza swali lake la kila siku: "Alama umemaliza?"

"Nimemaliza."

Neno moja tu. Sikulisema kwa nia mbaya. Mikasi nilikuwa nimemaliza kweli, na kichwa changu kilishatangulia hospitali. Lakini "bado" nalo ni neno moja, na lisingenichelewesha hata hatua mbili.

Nikaondoka na chaki mfukoni.

*

Mtoto alizaliwa saa tisa alasiri. Wa kiume. Alitoka amekunja ngumi, analia kwa hasira kama mtu aliyeitiwa ugomvi usiomhusu.

Nilikuwepo. Mke wangu alinibana mkono mpaka kucha zikaingia kwenye nyama, akasema, "Leo umekuja."

Siku mbili nilikuwa mume. Nilifua nepi, nilikoroga uji, niliunguza uji. Mama mkwe alikuwa ananifundisha kushika mtoto.

"Huyo si tofali," alisema. "Mwekee mkono shingoni."

Mluzi alipiga simu mara mbili, akamsikia mpwa wake analia, akasema, "Huyo bondia Jumapili nakuja kumbeba."

Siku ya tatu, Jumatano, nilivaa shati langu la kazi kwa sababu mengine nilikuwa nimeyafua. Nikambeba mtoto. Nilipomrudisha kwa mama yake, shuka lake jeupe lilikuwa na doa refu la bluu.

"Umemchafua," alisema mke wangu.

Nikatia mkono mfukoni, nikatoa chaki. Kilikuwa kipande kipya, nilichokitenga kwa ajili ya maduara. Ncha yake ilikuwa haijagusa ukuta.

Nikaichukua simu.

"Unampigia nani?"

"Mluzi. Dakika moja tu."

"Kazi?"

"Dakika moja, mama."

"Na safari ile ulisema ukuta mmoja." Hakupaza sauti. Alinyoosha mkono, akaichukua simu, akaizima, akaiweka juu ya kabati. "Siku kumi na nne. Nani alikulazimisha kuahidi?"

Ningeweza kumwambia. Ningeweza kusema, kuna ukuta pale utaua mtu. Lakini alikuwa amenisamehe kwa siku tatu tu, na msamaha wenyewe ulikuwa bado mbichi. Nikajipigia hesabu: wataanza na upande wa vyoo, siku nne nzima. Akilala nitaiwasha simu, nitasema maneno mawili, nitazima.

Nililala kabla yake.

*

Alhamisi, saa tatu asubuhi, simu ya mama mkwe ililia. Alikuwa ameinama kwenye beseni la nepi. Alisikiliza. Simu ikamponyoka, ikaingia kwenye maji.

"Ukuta," alisema. "Mwanangu yuko chini ya ukuta."

Sikumbuki nilifikaje. Nakumbuka nilikuwa na kiatu kimoja.

Ukuta wa korido ulikuwa haupo. Sakafu ya juu ilikuwa imelala chini, zege zima, nondo zimechomoza kama mbavu za ng'ombe. Vumbi lilikuwa bado halijatulia. Na chini ya zege mtu alikuwa anapiga mluzi.

Haukuwa wimbo. Ulikuwa mmoja mrefu, kimya, kisha mmoja mrefu. Ule ule wa kutujulisha alipo.

"Yuko hai!" nilipiga kelele. "Toa! Toa!"

Tulichimba kwa sululu, kwa mabeleshi, kwa mikono. Kucha ziling'oka. Kipande cha zege kilimpondaponda mmoja wetu vidole vya mguu, akapiga yowe, hakuna aliyegeuka. Nilifika kwenye kiatu chake. Nikafika kwenye goti. Mluzi ukawa mfupi. Ukawa pumzi. Kisha sikusikia kitu, nikadhani ni kelele zetu zinaufunika.

"Nyamazeni!" nikasema.

Wakanyamaza wote.

Hazikuwa kelele zetu.

Naandika haya nisije nikausahau mluzi ule. Wa furaha sikumbuki tena ulivyokuwa. Nimebakiwa na huo wa mwisho.

Tulipomtoa kifua chake kilikuwa bapa kama mlango. Mdomo ulikuwa umejaa vumbi. Nilikuwa namtoa vumbi kwa kidole, huku namwambia, "Shemeji, amka. Jumapili unakuja. Shemeji, bondia anakusubiri."

Mtu akanivuta nyuma. Mtu mwingine akauliza, "Nani alipiga korido?"

Mzito, mpiga nyundo wetu, alikuwa kando, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyundo kati ya miguu. Ni mtu mkubwa kuliko sisi wote na mpole kuliko sisi wote. Tulikuwa tukimtania kwamba milango anaiomba radhi kabla ya kuivunja.

"Mimi," alisema. "Mkasi ulikuwepo. Nimepiga nyundo sita."

"Na duara?"

"Hakukuwa na duara, Chaki."

Wote wakageuka kunitazama. Watu kumi na mmoja, weupe kwa vumbi kama waliofukuliwa.

"Duara lilikuwepo," nilisema. "Nililichora kwa mkono wangu. Wewe ndiye uliyemuua."

Na kabla hajajibu nikampiga.

Nilimpiga kwa mpini wa sululu. Pigo la kwanza lilimpata begani, la pili usoni. Aliinua mikono, si ya kupigana, ya kujikinga tu. Hakuinuka kwenye ndoo. Akasema, "Chaki, mbona hakukuwa na..." nikampiga mdomoni asimalize.

Hiyo ndiyo sababu nilimpiga. Wenzangu walidhani ni uchungu, na uchungu ulikuwepo, lakini mkono wangu ulijua unachokitafuta. Ulikuwa unatafuta mdomo.

Wakaingia wengine. Ngumi, mateke, vipande vya matofali. Wanaume waliokula naye sahani moja jana yake mchana. Jino lake liliruka likanigonga kidevuni. Aliangukia tumbo na bado tukampiga.

Kaka Mkubwa, ndugu mkubwa wa mke wangu, fundi wa magari, alifika mbio kutoka gereji, grisi mpaka viwikoni. Alimtazama mdogo wake pale chini. Akauliza, "Nani?" Wakamwonyesha. Akaruka kwa miguu miwili mgongoni mwa Mzito, na mimi niliyekuwa karibu nilisikia kitu ndani kikisema kwach, kama ubao mkavu.

Walinzi wa jengo la jirani ndio waliotung'oa pale. Askari walikuja, wakaandika ajali kazini na ghasia baada ya ajali. Walipouliza nani alianza, watu kumi na mmoja walikuwa vipofu.

*

Tulimzika Jumamosi.

Mama mkwe alimchukua mtoto kutoka mikononi mwangu, akamwinua mbele ya watu. "Huyu ndiye mwenye jina lake," alisema. "Mjomba ameondoka, mjomba amerudi."

Kaka Mkubwa alinishika bega, mkono mzito kama jeki. "Wengine walilia," aliniambia. "Wewe ulipiga. Kuanzia leo wewe si shemeji, wewe ni ndugu yangu wa tumbo moja."

Sijawahi kupendwa namna ile katika familia ile. Kila aliyepita alinipa mkono. Mke wangu, mtoto kifuani, alilala begani mwangu hadharani, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi.

Mimi nilikuwa natazama chini. Wakasema, maskini, haongei.

Ijumaa iliyofuata, siku ya kumi na mbili ya likizo yangu, Kaka Mkubwa alikuja asubuhi. Hakuingia ndani. Aliniita kwa kidole.

"Mzito ametolewa hospitali. Yuko chumbani kwake. Twende tukamalize."

"Kaka, nina mtoto mchanga."

"Na mimi nilikuwa na mdogo."

Mke wangu akatokea mlangoni. "Mnakwenda wapi?"

"Tunakwenda kununua maziwa," alisema Kaka Mkubwa.

"Maziwa ya nini? Mtoto ananyonya."

"Ya chai, dada. Na sisi watu wazima tunyonye wapi?"

Mke wangu akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba. Kaka Mkubwa naye akacheka. Chini ya koti lake kulikuwa na spana ya magurudumu, ndefu kama mkono wangu.

Mzito alikuwa amepanga chumba kimoja nyuma ya karakana ya kuchomelea milango. Cheche za moto zilikuwa zinaruka uani, na kelele za vyuma zilifunika kila kitu. Kaka Mkubwa hakubisha hodi. Alipiga teke moja, komeo likang'oka na kipande cha fremu.

Mzito alikuwa kitandani chali. Jicho la kushoto lilikuwa limefunikwa bendeji. Baadaye nilijua kwamba chini ya bendeji ile hakukuwa na jicho tena. Taya limefungwa. Alijaribu kuinuka, mgongo ukakataa.

"Nilijua mtakuja," alisema. Maneno yalikuwa yanapenya kwenye meno yaliyobaki.

Kaka Mkubwa akamkaba koo kwa mkono wa kushoto, wa kulia akainua spana. "Una neno la mwisho?"

"Chini ya kitanda."

"Nini?"

"Tazama chini ya kitanda. Kisha uniue."

Kaka Mkubwa akanitazama. Akapiga goti bila kuiweka spana chini, akavuta gunia. Lilikuwa zito. Akalipindua, tofali likadondoka sakafuni.

Tofali zima la saruji. Katikati yake mkasi wa bluu, upana wa shubiri moja, mstari wa kulia umelala kidogo kama ninavyoulaza mimi.

Hapakuwa na duara.

"Nililiokota kwenye kifusi mlipokuwa mnachimba," alisema Mzito. "Nikalifunika na ndoo, nikaikalia. Nilijua mtaniuliza. Nilidhani mtaniuliza kwanza."

Kumbe ndiyo maana hakuinuka. Tulikuwa tunamvunja mifupa na yeye amelikalia.

"Mama yangu alilifuata kesho yake," akaongeza.

Kaka Mkubwa aligeuza tofali kwa ncha ya kiatu, akaligeuza tena. "Mimi ni mtu wa magari," aliniambia. "Sijui habari zenu za kuta. Ndugu yangu, nieleze. Hili tofali linasema nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Hili ni tofali la ukuta mwingine, kaka, anakuchezea. Maneno machache. Angeniamini. Spana ingeshuka, karakana ingeendelea kupiga kelele, na mimi ningerudi nyumbani na maziwa.

Jicho moja la Mzito lilikuwa linanitazama. Halikuwa na hasira. Lilinitazama kama alivyonitazama miaka yote, akisubiri alama, ajue apige au asipige.

"Duara sikulichora," nilisema.

"Sema tena."

"Mke wangu alipiga simu nikiwa bado sijaanza maduara. Mluzi aliniuliza kama nimemaliza, nikamwambia nimemaliza. Huyu alipiga ukuta niliomwambia apige."

Spana ilishuka.

Ilinipata kwenye mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, na nikausikia ukivunjika kabla sijasikia maumivu. Ya pili ilinipata mbavuni. Nikaanguka juu ya tofali. Ya tatu ilikuwa ya goti, na hapo nikapiga yowe ambalo halikutoka nje ya mlango kwa zile kelele za vyuma.

Kaka Mkubwa alikuwa analia. Anapiga, analia, makamasi yanamtoka kama mtoto.

"Umenifanya nivunje mgongo wa mtu asiye na kosa!" alisema. "Nimekuita ndugu! Mbele ya kaburi nimekuita ndugu!"

Akatupa spana, akanishika shati, akaendelea kwa ngumi. Pua, jicho, pua tena. Nilikuwa nimeacha kujikinga. Nilifikiri, wacha imalizike hapa, chumbani kwa mtu mwenye haki ya kutazama.

"Basi," alisema Mzito kitandani.

Ngumi ikaendelea.

"Basi, kaka! Ukimuua huyu, nani atanisafisha jina?"

Kaka Mkubwa akasimama. Alitazama mikono yake, akamtazama Mzito. Akaokota tofali, akalirudisha kwenye gunia polepole, kama kitu cha kuvunjika.

"Dada anajua?"

"Hajui."

"Utamwambia wewe. Leo, nikiwa nimesimama pale." Akainama usoni mwangu. "Kuna jingine umenificha?"

"Hakuna."

Lilikuwepo.

*

Siku ya mazishi, watu wakiwa uani, nilipanda kwenye kabati nikaichukua simu, nikajifungia bafuni, nikaiwasha. Ujumbe uliingia. Ulikuwa umetumwa Alhamisi, saa moja na dakika arobaini asubuhi. Naunakili kama ulivyo, maana naujua kwa moyo:

"Shemeji ukuta wa korido una mkasi tu hauna duara. Una hakika? Nakupigia hupatikani. Simpigii dada apumzike. Haya naendelea, si ulisema umemaliza. Bondia hajambo?"

Simu yangu ni ndogo, ya vitufe, na haihifadhi mengi. Jumbe nyingine zote nilizifuta, huo usije ukapotea kati yao. Kila siku niliiwasha dakika moja, nikausoma, nikaizima, nikairudisha mahali pale pale alipoiweka mke wangu, ili asijue kwamba imeguswa.

Duara ni kosa langu. Duara naweza kulisema mbele ya yeyote, na mtulinga wangu umeshalilipia. Lakini mkono ulioizima simu ile haukuwa wangu. Ulikuwa wa dada yake Mluzi. Alikuwa na haki ya kuizima. Mimi ndiye niliyemfundisha kuiogopa simu, nilipochelewa kwa binti yetu. Ila nani atakwenda kumweleza haki mtu aliyefiwa na mdogo wake?

Niliamua njiani, nimening'inia shingoni mwa Kaka Mkubwa, mguu unaburuta. Nitasema duara. Simu sitaisema, mpaka nizikwe nayo. Wakinisukuma nitaitumbukiza chooni usiku huo huo.

Mke wangu alikuwa anamnyonyesha mtoto tulipoingia. Aliniona, akampa mama yake mtoto bila kumtazama.

"Nani? Ni watu wa Mzito?"

"Kaa chini, dada," alisema Kaka Mkubwa. Aliweka gunia sakafuni, akaegemea mlango kwa mgongo. "Mumeo ana neno."

"Neno gani na mtu anakufa? Hamwoni mfupa umetokeza?" Alikuwa ameshafungua droo, anatafuta kitambaa, ananifuta damu kwa shuka la mtoto, lile lile lenye doa la bluu. "Atasema hospitali. Mama, nipe simu yako niite gari."

"Si ilikufa kwenye beseni," alisema mama mkwe.

"Yangu haina chaji."

"Mke wangu," nilisema. "Nisikilize kwanza."

"Unyamaze, unatema damu."

"Duara," nilisema. "Ule ukuta, mimi sikuchora..."

Hakuwa ananisikia. Alikuwa amekivuta kigoda mpaka kwenye kabati, amepanda, mkono wake unapapasa juu. Kaka Mkubwa alidhani nimeishiwa ujasiri, akaniambia, "Endelea." Nilijaribu kuinuka. Goti likaniangusha.

Mke wangu alishuka na simu yangu mkononi. Akaipuliza vumbi, akashangaa kidogo kwamba haikuwa na vumbi, akabonyeza kitufe.

Simu hiyo haina namba ya siri. Ndani yake kuna ujumbe mmoja tu.